Kuliwa si kupigwa: samaki wawindaji wa ukubwa tofauti katika tangi moja

Muulize mfugaji wa samaki wa mapambo kilichompata samaki wake aliyetoweka, atakujibu kwa neno moja: ukali. "Yule mkubwa ni mkali." Neno hilo ndilo linalotuponza, maana limebeba mambo mawili yasiyo na undugu. Kuna kuwinda, na kuna kugombea. Samaki anayewinda hana ugomvi na anayemla, kama mjusi asivyo na ugomvi na nzi. Anayegombea naye hana njaa: anataka pango, anataka kipande cha mchanga, anataka jike, au anataka tu mwenzake amwondokee machoni. Dawa ya la kwanza haitibu la pili, na mara nyingine hulichochea.

Ukubwa ndio unaotuchanganya zaidi, kwa sababu katika mambo hayo mawili unafanya kazi kinyume. Tofauti ya ukubwa ikiwa kubwa, ugomvi hupungua lakini kuliwa kunakaribia. Tofauti ikiwa ndogo, hakuna wa kummeza mwenzake, ila vita ndiyo inaanza. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na walikuwa sahihi. Hawakuwa na haja ya kusema kwamba fahali na ndama nao hawakai, maana fahali wao hakuwa na mdomo wa kummeza ndama.

Kuzitenganisha hali hizi mbili hakuhitaji utaalamu, kunahitaji kiti na subira. Samaki anayegombea hujitangaza. Hutandaza mapezi yote, hufungua vifuniko vya matamvua ili uso uonekane mpana, rangi hukolea, kisha hujipanga ubavu kwa ubavu na mwenzake na kupiga mkia. Mkia huo haupigwi bure. Ubavuni mwa samaki kuna mstari wa vitundu vyenye hisi vinavyopokea msukumo wa maji, kwa hiyo kila pigo linampa mpinzani kipimo cha nguvu zilizoko upande wa pili. Anayewinda hafanyi lolote kati ya hayo. Hukunja mapezi, hutulia, huelea polepole kama jani lililodondoka, na jicho halimtoki yule anayemtaka. Ukimwona samaki mkubwa ametulia mno karibu na mdogo, usiharakishe kufurahi kwamba wamezoeana.

Ziwa Nyasa lina sikilidi mmoja (ukoo ule wa sato na perege) aitwaye Nimbochromis livingstonii. Huyu hulala ubavu kwenye mchanga, mabaka yake yakimfanya aonekane mzoga unaooza, mpaka samaki wadogo wasogee kudonoa. Tabia hiyo huhamia nayo tangini. Nimewahi kumwona mtu akichanganya dawa kwa ajili ya "mgonjwa" ambaye kwa kweli alikuwa kazini.

Kipimo ni mdomo

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kwamba mdogo asipungue nusu, au theluthi mbili, ya urefu wa mkubwa. Si mbaya kwa kuanzia, lakini urefu unadanganya. Mwindaji hashindwi na urefu, hushindwa na unene. Oska (Astronotus ocellatus), sikilidi mkubwa wa Amerika ya Kusini, akifungua mdomo, taya husogea mbele, mashavu hupanuka, na maji hufyonzwa ndani pamoja na chochote kilicho mbele yake. Yote hayo kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Kooni kuna jozi ya pili ya taya, kama ilivyo kwa sikilidi wote, inayopokea, kusagasaga na kusukuma tumboni. Mbele ya mtambo huo, samaki mwembamba wa sentimita 15 huingia kichwa kwanza na kukunjika ndani, wakati samaki bapa wa sentimita 10, aliyesimama kama sahani, hugonga midomoni na kurudi.

Kwa hiyo pima hivi. Subiri saa ya chakula, mtazame mkubwa akiachama mdomo wote, kisha linganisha uwazi ule na kimo cha mwili wa mdogo pale alipo mnene zaidi, kutoka mgongoni hadi tumboni. Picha za simu zinatosha, ilimradi wote wawili wawe karibu na kioo unapopiga. Mdogo akipita, ni chakula, hata kama wameishi pamoja miezi mitatu bila neno. Akikaribia kupita, mhesabu pia kuwa chakula, kwa sababu mwindaji hana rula na atajaribu.

Kambare wakubwa wana sheria zao. Kambare mkia-mwekundu wa Amazoni (Phractocephalus hemioliopterus) huuzwa akiwa na urefu wa kidole, naye hufika zaidi ya mita moja. Mdomo wake ni mpana karibu sawa na kichwa, tumbo hutanuka kama mfuko, na humeza samaki ambao ungeapa kwamba hawawezi kuingia. Kwake theluthi mbili haimlindi mtu. Maoni yangu ni kwamba hakuna tangi la nyumbani linalomfaa samaki huyu, na mazungumzo juu yake yangeishia hapo.

Halafu kuna wanaojilinda kwa miiba, na hao ndio walionitia adabu. Nilimweka gogogo mmoja, wa jenasi ya Synodontis, pamoja na oska aliyekwisha kupita sentimita 25, nikiamini miiba itamtisha mkubwa. Asubuhi moja nikamkuta oska amesimama kwenye kona, mdomo wazi, vifuniko vya matamvua vikipiga harakaharaka, na mkia wa gogogo ukichungulia katikati ya midomo yake. Gogogo akishikwa husimamisha mwiba wa mgongoni na ile miwili ya mbavuni, na viungo vyake hujifunga kama komeo. Huwezi kuilaza kwa kusukuma. Yule gogogo hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nilimshika oska kwa kitambaa kilicholowa, mwenzangu akaingiza koleo ndogo na kukata mwiba mmoja wa ubavuni, ndipo gogogo akatoka, amekwisha kufa. Oska alisusa chakula siku tisa. Tangu hapo siwahesabu wenye miiba kuwa salama. Mwiba haumzuii mwindaji kujaribu, na akijaribu wanaweza kufa wawili badala ya mmoja.

Tena kipimo cha leo si cha kesho. Oska mchanga anayekula vizuri huongeza kama sentimita 2.5 kwa mwezi. Mweke na bichiri (Polypterus senegalus), wote wakiwa na sentimita 8. Baada ya miezi sita oska atakuwa amepita 20, na bichiri, ambaye kwa umbo ni mwembamba kama nyoka, atakuwa ndiye anayepimwa kwa jicho. Hata ndugu wa mkupuo mmoja huachana. Aliyetangulia kwa milimita chache hufika kwanza kwenye chakula, hula zaidi, hukua zaidi, huku wa chini akishinda kwa kujificha na kudumaa. Pengo linajizalisha lenyewe. Wazalishaji wa vifaranga vya kambare wanalijua hili vizuri, ndiyo maana huwachambua kwa ukubwa mara kwa mara. Wasipofanya hivyo, wakubwa huwamaliza ndugu zao.

Kwa kuliwa, basi, hakuna mbinu ya malezi. Hakuna pango wala shibe itakayomgeuza mwindaji kuwa mlezi. Kumshibisha husaidia kidogo, lakini kufyonza kitu kidogo kinachopita mbele ya mdomo ni jambo la mwili kuliko la uamuzi. Dawa ni kutowaweka pamoja, au kuwatenganisha kabla mdomo haujafika.

Pale wanapokaribiana

Ugomvi ni hadithi nyingine, na hapo ndipo mfugaji ana kazi ya kweli.

Mapambano ya samaki yana ngazi. Ngazi ya chini ni kujionyesha ubavu, inayofuata ni kupigiana mkia, juu yake ni kung'atana midomo na kusukumana, na ya mwisho ni kufukuzana na kung'oana magamba. Sikilidi jagwa (Parachromis managuensis) wawili, mmoja wa sentimita 18 na mwingine wa 28, kwa kawaida humaliza neno lao kwenye ngazi ya kwanza: mdogo anapima, anaona, anakunja mapezi na kuondoka. Walio sawa hawana cha kuwaamulia ila nguvu, kwa hiyo hupanda ngazi zote. Ndiyo sababu mtu anayenunua jozi "zinazolingana ili wasioneane" mara nyingi anajinunulia vita ndefu zaidi.

Lakini hata ugomvi ulioamuliwa mapema una tatizo, nalo ni kwamba tangi halina mlango. Mtoni aliyeshindwa huogelea mita ishirini na hadithi inaisha. Tangini hana pa kwenda. Kila akionekana, kwa mshindi ni kama amerudi kutafuta ubishi. Na kushindwa kuna mabaki yake: samaki aliyetoka kushindwa ana uwezekano mkubwa wa kushindwa tena, hata na mpinzani ambaye jana angemweza. Hapo ndipo unapomwona amesimama wima kwenye kona ya juu nyuma ya hita, rangi imepauka au imekuwa nyeusi, mapezi yamebanwa, mkia una nyuzinyuzi. Huyo hajachagua kona ile kwa sababu anaipenda.

Wala usidhani mkubwa ndiye mwonevu siku zote. Amatitlania nigrofasciata, sikilidi mdogo wa Amerika ya Kati mwenye milia kama punda milia, akiwa na vifaranga, dume na jike wa sentimita 10 humfukuza oska wa sentimita 25 mpaka anabanwa kwenye theluthi moja ya tangi. Oska angeweza kuwashinda mmoja mmoja, lakini yeye anapigania raha tu na wao wanapigania uzao. Katika hali hiyo kuhamisha mayai au kuweka kizuizi kwa muda hufanya kazi kuliko mbinu nyingine zote, kwa sababu chanzo cha ugomvi kinaondoka.

Kuna mbinu moja iliyoazimwa isipostahili. Wafugaji wa mbuna, wale sikilidi wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa, huwajaza wengi kwa makusudi ili mwonevu asimwelekee mmoja. Kwao inafaa, kwa kuwa ni wadogo, ni wala mwani zaidi, na chujio kubwa huumudu uchafu wao. Ukiifanya kwa jagwa na oska unapata maji yenye amonia na samaki kumi wenye hasira badala ya wawili. Kinachofaa kwa wakubwa ni kundi la samaki wepesi, warefu wa kimo na wasioingia mdomoni, kama Metynnis wa Amerika ya Kusini, walio bapa na wanaotembea pamoja. Kupita kwao mara kwa mara humgawanya mwonevu mawazo, na utulivu wao humwambia mwoga kwamba maji ni salama. Nao wahakikishe kwa kipimo cha mdomo kwanza.

Sakafu, pango na mstari wa jicho

Tangi la sentimita 180 kwa 60 lenye kimo cha 60 lina lita 648. Tangi la 90 kwa 60 lenye kimo cha 120 lina lita 648 vilevile. Kwa chujio ni sawa. Kwa samaki wanaogombea ardhi, la pili ni nusu ya la kwanza. Sikilidi wengi hujihesabia himaya chini, kwenye mchanga na mawe, si kwenye maji ya juu. Ukiwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu, ongeza urefu na upana.

Baada ya hapo, kata mstari wa jicho. Simama upande mmoja wa tangi, inama hadi usawa wa samaki, tazama. Kama unaona mpaka kioo cha upande wa pili, basi mwonevu naye anaona. Jiwe refu, gogo, au ukuta wa mimea ya plastiki uliowekwa kwa kukatisha unaweza kupunguza mbio kwa kiasi cha kushangaza, kwa sababu samaki akipotea machoni mara nyingi husahaulika hapo hapo.

Mapango ndiyo watu wanayoyakosea. Pango lenye mlango mmoja ni mtego: mdogo anaingia, mkubwa anasimama mlangoni, na hakuna wa kutoka. Mimi natumia vipande vya bomba la plastiki la maji, wazi pande zote mbili, vilivyofukiwa nusu mchangani. Mdomo wa bomba nauchagua kwa kumpima mdogo, si kwa kuangalia uzuri: apite bila kusuguliwa magamba, na kichwa cha mkubwa kigote. Kingo nazikwangua kwa msasa. Yanapaswa kuwa mengi kuliko samaki, maana pango moja likiwa bora kuliko mengine linageuka kuwa sababu mpya ya kupigana. Na kila baada ya miezi kadhaa, au siku mgeni anapoingia, nayapanga upya yote pamoja na mawe, ili mwenyeji naye aanze kama mgeni.

Chakula weka pande mbili za tangi kwa wakati mmoja, punje zinazozama upande mmoja na zinazoelea upande mwingine, ili mkubwa asiweze kulinda kote. Wawindaji wakubwa waliokomaa hawahitaji kula kila siku. Siku moja ndiyo, siku moja hapana, inawatosha wengi. Samaki hai wa kulisha siwashauri. Huleta magonjwa, na baadhi yao, kama samaki wa dhahabu, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Tena humzoesha mwindaji kwamba kila kidogo kinachomwagwa kutoka kwenye mfuko ni mlo, halafu wiki ijayo unamwagia rafiki mpya kwa njia ile ile.

Joto nalo lina neno. Maji ya nyuzi 29 huharakisha mwili wa samaki, na pamoja nao njaa na hasira. Kwa spishi nyingi za Amazoni na Amerika ya Kati, 25 au 26 inatosha. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ziwe sifuri, nitreti isipite miligramu 40 kwa lita. Aliyejeruhiwa hupona kwa maji safi kabla ya dawa yoyote. Funika tangi, maana anayefukuzwa huruka.

Ikibidi kutenganisha, watu wengi humtoa mnyonge. Afadhali umtoe mwonevu. Wakati hayupo, mnyonge hutembea, hula, huchagua pango, huanza kujiona mwenyeji. Mwonevu akirudi baada ya wiki mbili na kukuta mawe yamehamishwa, anaingia kama mgeni kwenye nyumba ya watu, na ugeni huo humpunguza kweli. Kizuizi cha kugawa tangi kisipitishe mwanga siku za mwanzo. Kioo kinachoonyesha huwaacha wakitunishiana mapezi mchana kutwa bila mshindi, na wengine hupigana hata na kivuli chao.

Warudishe jioni, taa zikiwa zimezimwa, kisha usiende kulala mapema. Sikilidi mchana ni wafalme, lakini usiku hulala chini wakiwa wamepauka, hawaoni mbele, na kambare ndipo wanapoamka. Nilikaa usiku mmoja na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu, ambayo haiwashtui sana, nikamwona kambare niliyemdhania mpole akipita juu ya kila aliyelala, sharubu zake zikimgusa kuanzia mkia hadi kichwa, mmoja baada ya mwingine, kama fundi anayechukua vipimo. Kwa wawili alikaa zaidi. Asubuhi nikawapima hao wawili na mdomo wake.

Siku zinazofuata, hesabu. Dakika kumi, saa ile ile kila siku, kalamu mkononi: mara ngapi amekimbiza, mara ngapi ameng'ata, mnyonge amekula au hajala. Siku ya kwanza unaweza kupata mbio 30 na usiogope. Zikiwa 20 siku ya tatu na 5 baada ya wiki, wameelewana. Zikibaki 30 wiki ya pili, na mkia wa mnyonge bado haujaanza kuota, usihamishe mawe tena. Nunua tangi la pili, au mtafutie mmoja wao kwa kwenda.